Kijiji Kilichotaka Kujua Tuko Wangapi

Juzi mwanangu alikuwa amelala kifudifudi mkekani, simu yangu mkononi, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, sisi hapa nyumbani tuko wangapi?" Nikamnyang'anya ile simu kabla sijajua ninafanya nini. Ulikuwa mchezo tu wa kujenga nyumba na kupanga viti, na ulikuwa umemwambia awataje watu anaoishi nao ili uwachore. Mtoto akaduwaa. Mume wangu akasema, haya, umeanza. Ndiyo, nilikuwa nimeanza. Mimi ni mtu wa kushuku, ndugu yangu, wala sioni haya kukuambia. Fomu siijazi mpaka nimjue anayeitaka, na mtu akinipigia simu akaanza kwa kuniuliza naongea na nani, namwuliza yeye kwanza. Lakini ugonjwa huu una siku ulipoanza, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi, hapa hapa Kigoma, mbele ya kompyuta yenye mgongo mkubwa kama debe.

Nililelewa Ujiji kwa bibi mzaa mama, ambaye kazi yake ilikuwa kukamua mawese na kuyauza. Uani kwetu hapakukosa pipa motoni. Chikichi zikichemka harufu yake inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye madaftari. Mwalimu wetu alikuwa akisema daftari langu analijua kwa kulinusa. Tukitoka shule ni kuchota maji, kutwanga, kuokota makapi ya kuwashia moto, ndipo ule. Chakula chenyewe ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka aliyepikwa kwa mawese, mchuzi unabaki umeganda vidoleni na unaulamba ukienda kuosha vyombo. Bibi alikuwa mkarimu wa chakula na bahili wa maneno. Mgeni akiuliza mko wangapi humu ndani, bibi hujibu, "Tupo." Basi. Mbuzi wanahesabiwa, ndoo za dagaa zinahesabiwa, ila watu wa nyumba hawahesabiwi, maana ukiwahesabu unamwonyesha mwenye nia mbaya pa kuanzia kupunguza. Ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza huyo mwenye nia mbaya ni nani.

Jirani yetu alikuwa mjane aliyekuwa akianika dagaa. Masika moja akaja kwake binti wa umri wangu, amevaa sweta la kiume lililomfika magotini. Jirani akasema ni mpwa wake. Mtaa mzima ukaitikia, karibu mpwa, na mtaa mzima ukajua ametoka Burundi. Miaka ile walikuwa wakivuka wengi, na aliyevuka alitakiwa akae kambini. Aliyebaki mjini alibaki kwa jina la mpwa au la binamu, na usalama wake ulikuwa midomo ya majirani. Jirani akampa jina jipya la kuitwa mtaani. Akajifunza kusalimia "mwakeye" asubuhi kama Waha wa pale, akajifunza kunyamaza watu wazima wageni wakiwepo. Jina lake la kwao aliniambia mimi peke yangu, tukiwa tunafukuza kunguru kwenye dagaa wa shangazi yake, na baada ya kuniambia akanifunika mdomo kwa kiganja kinachonuka samaki. Nikaapa sitalitamka. Nilikuwa nampenda kuliko ndugu zangu wa damu, nakwambia ukweli.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na wazo kwamba watoto wa Ujiji nao waione intaneti. Kila Jumamosi aliwachukua wanafunzi wawili waliofanya vizuri akawapeleka Kigoma mjini, kwenye kafe moja karibu na stesheni. Mwenye kafe alikuwa mzee mstaafu wa reli. Alikuwa na daftari gumu mezani, na kila aliyeingia aliandikwa humo jina, anakotoka, na kompyuta aliyokalia, kama vile angepanda treni. Bibi alipoambiwa habari ya lile daftari, alinikataza nisiende kwa wiki tatu. Mwalimu akaja mwenyewe nyumbani, akapewa kiti na mgebuka, akaeleza mpaka jua likazama, bibi akakubali kwa shingo upande. "Kikulacho ki nguoni mwako," akaniambia wakati ananifunga vifungo vya sare, kana kwamba naenda kuishi na nyoka.

Sasa nikwambie tulichokikuta huko, mimi na mpwa wa jirani, niliyesoma naye darasa moja na kuchaguliwa naye muhula ule. Mwalimu alitufungulia ukurasa mmoja wa watoto, ambao jina lake halisi sikulishika, sisi tuliuita Kijijini. Ulikuwa umechorwa barabara ya vumbi, kisima, na nyumba nyingi za rangi. Ukibofya kuku, anataga. Ukibofya kisima, ndoo inapanda na sauti ya mnyororo inatoka kwenye kispika kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila kitu kilichukua muda. Picha ilikuwa ikishuka polepole kutoka juu, kwanza mbingu, halafu paa, na sisi tumebana pumzi tuone kama leo miguu ya kuku itafika kabla umeme haujakatika. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, lakini pembeni palikuwa na kitufe cha Kifaransa, na mpwa wa jirani alipokiona akakibofya bila kuomba ruhusa. Akaanza kunisomea. Yeye aliyekuwa akiongea Ujiji kwa minong'ono, pale alisoma kwa sauti, kidole kwenye kioo, akinicheka kwa kutojua kuku anaitwaje. Nilimwonea wivu, na nilimfurahia pia. Kijijini palikuwa mahali pekee mkoa mzima alipokuwa anajua zaidi ya wote na haimgharimu kitu.

Kila mtoto aliyejiandikisha alipewa nyumba. Yangu ilikuwa ya buluu, na juu ya mlango paliandikwa jina langu na Ujiji, Kigoma. Ila mlango haukufunguka. Ulitaka kwanza uwataje wote wanaolala humo ndani: jina, umri, na nchi aliyotoka kila mmoja. Mimi, mjukuu wa bibi, nikajibu kama bibi. Nikaandika "tupo". Kompyuta ikakataa. Jumamosi tatu tulizunguka nje ya nyumba yetu wenyewe, tunabofya kuku, tunachota maji, tunatazama watoto wa nchi nyingine wakiwa na moshi jikoni na watu wanaopunga mikono madirishani. Nyumba yangu ilikuwa giza. Iliniuma kuliko nilivyoweza kumweleza mtu.

Jumamosi ya nne sikuvumilia. Nikaandika bibi. Nikajiandika mimi. Halafu nikamwandika yeye, kwa sababu nilitaka alale kwangu, na nikaandika lile jina la kwao, kwa sababu nilidhani Kijijini hawawezi kumchora mtu kwa jina la uongo. Kwenye nchi nikatafuta Burundi. Akanishika mkono uliokuwa kwenye kipanya. Nikadhani amefurahi. Nikabofya. Mlango ukafunguka, wakatoka watu watatu wadogo wakipunga, na wa tatu alikuwa na kibendera cha kwao mkononi. Rafiki yangu alikitazama kile kibendera muda mrefu. Nyuma yetu mzee wa kafe alikohoa. Nilipogeuka, nilimkuta anaandika kwenye daftari lake, na mwanamume mmoja mwenye mkoba, aliyekuwa akisubiri zamu, alikuwa ameinama anasoma kioo chetu.

Haukupita mwezi, gari jeupe likasimama mbele ya kwa jirani. Wakashuka mama mmoja na baba mmoja wenye karatasi, wakamwulizia yule binti kwa jina. Siyo la mtaani. Lile. Nililisikia nikiwa uani, mchi ukanitoka mkononi. Mtaa mzima watu waligeuziana macho, hilo jina la nani, mimi nikiwa najua limeandikwa wapi na nani. Nikakimbilia ndani, nikasimama nyuma ya pazia la chumba cha bibi. Nilimsikia jirani akilia. Nikasikia hatua zikija mlangoni kwetu, na sauti ya rafiki yangu ikiniulizia. Bibi akasema nimeenda kisimani. Nilijiambia najificha ili nisiulizwe na wale wenye karatasi. Gari likawashwa, likaondoka. Jioni bibi alinipakulia chakula, kisha akaniambia nikaoshe vyombo.

Tangu hapo nikaanza kushuku, na nilimshuku kila mtu ili nisijishuku peke yangu. Nikamshuku mzee wa kafe na daftari lake. Nikamshuku mwenye mkoba. Mwalimu alipotuuliza darasani nani anataka kwenda Jumamosi, nilimwangalia mikono yake nione kama ameandika kitu. Zaidi ya wote niliishuku ile nyumba ya buluu. Niliamini imejengwa mahali fulani mbali na mtu mwenye subira, anayetega kwa kuku na kisima ili watoto wamletee majina. Usinicheke. Nimekua, nimesoma, nimeolewa nikahamia Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, na bado nikisikia mtoto anaulizwa na mashine jina la mama yake, naizima kabla hajajibu. Nimeutafuta ule ukurasa mara nyingi, kwa maneno ya Kiingereza na ya Kifaransa niliyoyakumbuka, nisome nilichoandika kwa macho yangu. Haupo. Watu wanaojua mambo hayo wananiambia kurasa za zamani zile zilizimwa, hakuna aliyezitunza. Ushahidi wangu umekufa, na kesi bado iko wazi.

Siku ile ya simu na mwanangu, mume wangu alisema jambo moja tu la maana: mbona hujawahi kumwuliza jirani mwenyewe? Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Bangwe, alikohamia. Amezeeka, anaanika dagaa bado, safari hii kwenye chanja. Nikamwamkia, shikamoo shangazi, akaniitikia huku akinikagua kama ananitafuta jina. Tukakaa. Nikamwambia yote, kompyuta, nyumba, kibendera. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua dagaa.

"Wewe mtoto," akasema, "kumbe ndiyo uliyoyabeba? Ni mimi niliyekwenda ofisini kwa wenye lile gari." Akaniambia mama yake yule binti alikuwa amepatikana kambini, mzima, anamtafuta, habari zilimfikia kwa wauza samaki. Alikaa nazo wiki mbili, hakulala. Kisha akaenda mwenyewe kumtaja kwa jina lake la kweli, maana kwa lile la mtaani mama asingempata. "Na mtaa je? Watu walionifichia mtoto wa watu mwaka mzima, niwaambie nimekwenda kumsema? Nikalia kama wenzangu. Na kilio kilikuwa cha kweli."

Ningepaswa kushukuru. Badala yake nilimtazama usoni nione kama ananipoza. Watu wazima wa kwetu wanajua kubeba lawama ya mtoto wakiona inamlemea, na huyu alikuwa ananipenda. Nikamwuliza ofisi gani, siku gani, alikwenda na nani. Akajibu mawili, la tatu akasema amelisahau. Nikalishika hilo la tatu, moyoni nikaanza kulizungusha. Akaona.

"Nikwambie na lingine ambalo hujaniuliza," akasema. "Siku ile hukuwa kisimani. Pazia la bibi yako lilikuwa fupi, miguu yako ilikuwa nje. Mtoto aliiona. Bibi yako anasema umekwenda kisimani, na yeye anaitazama miguu yako. Akasema, akirudi mwambieni nimemuaga."

Nililia pale kwenye kigoda, mtu mzima, kamasi zinanitoka, na jirani akaniacha nilie. Miaka yote hiyo nimefukuzana na ukurasa uliozimwa, mzee wa kafe ameshazikwa na kwenye kafe yake sasa wanauza vipuri vya pikipiki, nikitafuta aliyemtaja rafiki yangu. Bibi naye alikwenda na salamu yangu kaburini, labda akidhani ananikinga. Na yule binti aliondoka Ujiji anajua jambo moja la hakika kuhusu mimi, kwamba nilikuwepo na sikutoka.

Nilipotulia nikafuta uso, nikatoa simu. Nikamwomba jirani anitajie jina la yule mama, la ukoo na la kwao, na kijiji walikorudi, labda nitampata binti huko kwenye mitandao. Jirani akaitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Unayatakia nini?"

Nikamwambia nataka kumwomba radhi. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia, akajishika magoti akanyanyuka, akaenda kugeuza dagaa wake upande wa pili wa chanja. Jina hakunipa.