Paulo Aliyetuchelewesha Uwanja wa Ndege

Msinicheke sana. Sheria ya Tanzania inakataa uraia wa nchi mbili, nami ninao wa huko na wa Rwanda. Binti yangu amejifungua Dar es Salaam. Safari ya basi magoti yangu yameikataa, nikaamua ndege, kwa pasipoti ya Tanzania. Humo nimeandikwa Maria Paulo; Paulo ni jina la baba yangu, ndiyo desturi ya Watanzania. Sisi Wanyarwanda kila mtu ana jina lake mwenyewe. Hapa Kigali mimi ni Mukandori.

Kule uwanja wa ndege wa Kanombe afisa alikusanya pasipoti, akaita, “Paulo!” Akarudia, “Paulo!”

Nikasonya. “Wanaume wa siku hizi! Mwacheni huyo kiziwi, mjukuu wangu ananingoja. Mimi Mukandori sijawahi kumchelewesha mtu!”

Afisa akaitazama picha, akanitazama mimi.

“Bibi Mukandori,” akasema polepole, “mbona huyu Paulo amevaa kilemba chako?”