Picha Katika Akaunti ya Mwenye Duka

Laiti ningekataa siku ile niliponunua simu mtaani Galbet, mwenye duka aliponiuliza kama nina barua pepe. Nilisema sina.

"Basi adeer, nikuwekee yangu," akasema, akiniita baba mdogo kama tunavyowaita wakubwa wetu. "Wazee wote nawawekea hiyo hiyo. Na nambari ya siri nitaishika mimi, usije ukaisahau."

Nilisoma hadi kidato cha nne. Maana ya siri niliijua. Lakini watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, nikaona haya kuuliza. Nikamwambia aweke.

Binti yangu alipoolewa Mandera, alinitumia picha za sherehe ya wanawake. Kwetu, wanaoingia humo huacha simu mlangoni, kwa sababu ndani wanawake huvua mitandio. Dada yake alimpiga picha chache kwa ruhusa yake, naye akanitumia mimi peke yangu, maana baba haingii mle.

Baadaye, kwenye soko la mifugo, dalali mwenzangu alinisogezea simu yake.

"Mzee, natafuta picha ya ngamia wangu nimwonyeshe mteja, napata bibi harusi. Labda Mungu ananiongezea mke."

Watu wakacheka. Nikatazama. Alikuwa binti yangu, nywele wazi.

Simu yake nayo ilitoka duka lile lile. Nilikwenda Galbet kwa miguu, nikisimama njiani kila mara kufungua simu, kana kwamba picha zingeondoka zenyewe. Mwenye duka hakuficha kitu: simu zote alizoziwekea akaunti yake zilihifadhi picha mahali pamoja mtandaoni. Akazifuta picha za binti yangu mbele yangu.

"Na aliyekwisha kuzichukua?"

"Huyo, adeer, wallahi simjui."

Tangu hapo nilimtazama kila mzee mwenye simu kwa wasiwasi, msikitini, hotelini, hata kwenye mazishi. Mwishowe nikampigia binti yangu, kabla hajaambiwa na wengine. Nikamweleza yote.

"Aabo, nilikutumia wewe."

"Najua."

"Mama alinikataza. Nikamwambia simu ya aabo ni kama sanduku lake la chuma."

Bado hunipigia kila Ijumaa, kwa adabu na maneno machache. Amejifungua mtoto wa kike. Hajanitumia picha, nami sina uso wa kuomba. Kwa kuona haya mbele ya foleni, nimepoteza imani ya binti yangu, na sura ya mjukuu wangu siijui.