Kiongezo cha Kulia

Nabor, mteka watu wa mtaa wa Tepito jijini Mexico, alimbamiza Fidencia uso mezani hadi jino likaruka. Mama huyo ndiye fundi wa kutafuta na kupachika viongezo, yaani programu ndogo za ziada, kwenye wasaidizi wa akili mnemba wa simu za watu.

“Nataka simu ilie kwa sauti ya mtu kana kwamba nimemteka, nduguze walipe! Sina muda wa kukamata watu.”

Fidencia akatema damu, akapachika kiongezo. “Kijaribu. Sema kidogo, halafu nipe namba ya mama’ko.”

Nabor akacheka, akaitaja. Msaidizi wa simu akapiga, akalia kwa sauti ya Nabor: “Mama, wameniteka! Wataniua!”

Bibi kizee akavuta pumzi. “Waambie wafanye haraka. Na maiti wasiniletee.”

Akakata.

“Kimekubali, bosi,” akasema Fidencia.