Nilimpelekea Fundi Gari Tupu

Siku moja kabla ya kupeleka gari kwa fundi, Mwiki, nilitoa kila kitu kilichokuwa ndani. Mtungi wa gesi, jiko, sufuria sita, godoro, mapazia, jeki, tairi la spea. Tangi la maji nililifungua kwa spana, nikalimwaga, nikalibeba mgongoni mpaka chumbani kwangu. Vijiko nilivihesabu kwanza: kumi na vinane. Kwetu hakuna mtu anayemwachia fundi gari na vitu ndani. Baba alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kushika gia. Alisema mkono wa fundi haujui kukaa bure.

Gari lenyewe lilikuwa la baba. Kwa miaka mingi alilinda boma la mzee mmoja mgeni nje ya Thika, na yule mzee aliporudi kwao alimwachia gari lililokuwa limekaa nyuma ya banda la kuku. Ni gari-nyumba. Nje unaona kama basi dogo lenye kichwa kikubwa, ndani kuna kitanda, kabati, sinki na mahali pa kupikia. Limenizidi umri. Baba alipofariki, kaka zangu waligawana ng'ombe na mashine ya kukata majani, halafu wakaniambia huku wakicheka, "Wewe chukua ploti yako ya magurudumu." Nikachukua. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu na chumba kimoja mtaa wa Landless, Thika, na baba ya mtoto alikuwa amehama bila kuaga. Mtu kama huyo hachagui.

Halafu nikapata kazi. Kulikuwa na maghorofa yanajengwa Ruiru, na msimamizi alitaka mtu wa kuwapikia wajenzi chai na chakula cha mchana. Aliniambia nije na jiko langu mwenyewe, nianze Jumatatu baada ya wiki mbili. Jiko langu lilikuwa ndani ya gari. Kwa hivyo ningeendesha kutoka Thika mpaka Ruiru kila asubuhi, na jioni kurudi, mtoto wangu akiwa kwenye kitanda cha nyuma kwa sababu sina wa kumwachia.

Mara ya kwanza nilipojaribu safari hiyo, karibu niue mtoto. Usukani ulikuwa na mchezo mkubwa: unakata, hakuna kitu, unakata tena, hakuna kitu, halafu gari linakata lote kwa pamoja. Pale kabla ya Juja lilinitupa karibu na lori la mawe, nikaliona tairi la lori kwenye dirisha langu. Nilirudisha usukani, nikashuka kwenye barabara ya kando, nikapita shimo moja dogo tu, na springi zikaturusha. Mtoto alianguka kutoka kitandani akajiuma ulimi. Damu ilijaa kwenye mto. Niliapa halitaanza kazi mpaka libadilishwe chini kote.

Vifaa nilitafuta mwenyewe. Springi mpya za mbele na nyuma, shock absorber nne za kumeza mtikisiko, na usukani wa pawa uliotolewa kwenye lori dogo la Kijapani lililokuwa limekufa injini. Kila kimoja nilikipaka alama ya rangi ya kucha, nyekundu, mahali ambapo mtu hawezi kuona bila kutafuta. Mafundi wana mchezo wao: unaleta kipya, wanakufungia cha mtu mwingine kilichosafishwa kwa petroli, chako kinauzwa. Mimi si wa kuchezewa hivyo.

Fundi niliyeambiwa habari zake yuko Mwiki. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, anajulikana kwa springi za mabasi ya shule. Garage yake ni uwanja wenye mafuta meusi na mabati mawili. Alifungua mlango wa nyuma wa gari langu, akachungulia, akanigeukia.

"Madam, kwani umehama?"

"Nimehama."

"Na vitu viko wapi?"

"Viko nyumbani kwangu."

"Basi niletee."

"Nikuletee vitu vyangu vya nini?"

"Springi inafungwa na mzigo wake. Mimi siwezi kufungia nyumba ya mtu springi na sijui jikoni kuna nini."

Wenzake walicheka. Mimi nilisikia mwizi akiniomba funguo kwa heshima. Nikamwambia, "Fundi, kazi yako iko chini. Huko juu hakukuhusu."

"Haya. Wewe ndiye mwenye nyumba," akasema, akalala chini ya gari.

Kutoka Jumatano mpaka Jumamosi nilikaa pale juu ya mtungi wa plastiki, mtoto mapajani, nikiangalia. Akifungua nati, naangalia. Akienda kuazima spana kwa jirani, naangalia mfuko wake akitoka na akirudi. Springi za zamani nilizitia kwenye gunia nikazikalia. Mara moja alinitolea kichwa kutoka chini akaniuliza, "Madam, wewe ni polisi ama ni mteja?" Nikamwambia leo ni vyote viwili.

Jumapili sikwenda. Lakini Jumamosi jioni, kabla ya kuondoka, niliandika namba ya kilomita kwenye kiganja cha mkono, halafu nyumbani nikaihamisha kwenye kalenda.

Jumatatu niliporudi kuchukua gari, kitu cha kwanza nilichoangalia ni ile namba. Ilikuwa imeongezeka kumi na tisa. Na kwenye sakafu, karibu na sinki, kulikuwa na karatasi ya matangazo ya kanisa.

"Fundi. Hii gari ilienda wapi?"

"Test."

"Jumapili?"

"Jumapili barabara iko wazi."

"Na hii?" Nikamwonyesha karatasi.

Akajikuna shingo. "Mama yangu magoti yanamsumbua. Nikaona kwa vile natest, acha nimpitishe kanisani. Amefurahi, wee! Anasema hajawahi kukaa kwa gari iko na sinki."

Mmoja wa wenzake akadakia, "Si ushukuru, madam, shosho ameiombea." Uwanja wote ukacheka.

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, mtoto alikuwa hapo. Nililala chini nikatafuta alama zangu moja moja. Zote zilikuwepo isipokuwa ya boksi la usukani, kwa sababu alikuwa amelipaka rangi nyeusi lisishike kutu. Nikakwaruza kwa ufunguo mpaka nyekundu ikatokea. Fundi alisimama pale akiniangalia nikikwaruza kazi yake.

Kurudi Thika, gari lilikuwa kama si lile. Niliendesha kwa mkono mmoja. Nilikaribia kufurahi.

Kesho yake nikarudisha kila kitu. Tangi nikalijaza maji. Jiko, sufuria, mtungi wa gesi, na vya kazi nilivyonunua: mtungi wa pili, gunia la maharagwe, gunia la unga. Katika gari lile, sinki, tangi, jiko na kabati vyote viko upande wa kushoto. Kulia kuna kitanda tu. Sikuwahi kulifikiria hilo. Nikamlaza mtoto, nikaondoka kwenda kuonyesha msimamizi kwamba niko tayari.

Sikufika. Gari lilikuwa limeinama kushoto kama mtu aliyebeba gunia kwenye bega moja, na usukani ukawa unavuta, unavuta, unataka mtaro. Kwenye tuta la kwanza upande wa kushoto ulishuka mpaka bodi ikagusa tairi, na harufu ya mpira uliochomeka ikaingia ndani.

"Mama, nyumba inaanguka," mtoto akasema kutoka nyuma.

Nilisimamisha kando ya barabara, nikaenda nyuma kumshika mtoto. Halafu hasira ikaja ikakaa mahali pa woga. Niliona yote wazi: ile Jumapili, na zile kilomita kumi na tisa. Alikuwa ametoa springi yangu ya kushoto akaweka takataka, na mama yake akimwombea. Nikaendesha taratibu, nikipigana na usukani, moja kwa moja mpaka Mwiki.

Nilianza kupiga kelele kabla sijazima injini. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake. Nikamwambia ameuza springi zangu, ameuza maisha ya mtoto wangu. Watu waliacha kazi wakasogea. Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. Alienda nyuma, akafungua mlango, akachungulia: tangi, mitungi, magunia, mtoto akiwa amekaa kitandani na kikombe.

"Eeh," akasema. "Leo ndiyo umekuja na nyumba."

Akachukua kijiti, akapima kutoka tairi mpaka bodi upande wa kulia, akatia alama kwa ukucha. Akaja kushoto. Tofauti ilikuwa vidole vinne.

"Si nilikuambia uniletee vitu, madam?"

"Usinizungushe. Springi yangu iko wapi?"

"Iko hapo. Angalia."

Nililala chini ya gari, na gauni langu la kwenda kutafutia kazi. Springi ya kushoto nyuma, alama nyekundu. Ya mbele, nyekundu. Shock, nyekundu. Hakuna kilichoguswa. Nilibaki chini pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji, kwa sababu viatu vya watu vilikuwa vimezunguka gari na sikutaka kuona nyuso zilizo juu ya vile viatu.

Nilipotoka alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto, na nilimchukia kwa hilo pia. Springi na usukani alikuwa amevipima na gari tupu. Lilipobaki tupu lilikwenda sawa. Kushoto kulihitaji bamba moja zaidi la chuma, na matairi yanyooshwe upya, mzigo ukiwa ndani.

"Acha gari hapa na vitu vyake. Siku mbili."

"Siachi."

"Madam."

"Siachi. Ulienda nayo kanisani."

Hilo nililishika kwa mikono miwili kwa sababu ndilo pekee nililobaki nalo.

Mwishowe akasema, "Basi kaa ndani. Si hata wewe na mtoto ni mzigo? Kaa pale unapokaaga."

Tukakaa. Akiinua gari kwa jeki, tunashuka, nakaa mlangoni. Akilishusha, anapiga bodi kwa kiganja, "Pandeni!", mimi naenda kwenye usukani, mtoto anaenda kitandani, anapima kwa kijiti chake. Siku ya pili mtoto alikuwa anapanda mwenyewe bila kuitwa. Saa sita nilichoka kukaa bure, nikaosha maharagwe, nikawasha jiko. Sauti ikatoka chini ya gari: "Madam! Maji unayomwaga ni uzito wangu huo!" Nikalijaza tangi tena. Maharagwe yalipoiva nilimpakulia sahani. Alikula amechuchumaa, akarudisha sahani na kijiko. Kijiko nilikiangalia kikirudi.

Alhamisi mchana tuliondoka, vitu vyote ndani. Pale kabla ya Juja, mahali pa lile lori, barabara ikiwa wazi nyuma na mbele, niliachia usukani nikahesabu mpaka tatu. Gari likaenda mbele, sawa. Kwenye tuta nililopita baadaye nilitazama nyuma kwenye kioo. Mtoto alikuwa amelala, mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda, hakushtuka.

Tulipofika Landless nilivihesabu vijiko. Kumi na vinane. Nikavihesabu tena juu ya meza, nikivipanga. Kumi na vinane. Nilikasirika vibaya zaidi kuliko kama kimoja kingekosekana.

Jumatatu nilikuwa Ruiru kabla ya wajenzi. Siku hizi, kila mwezi, narudi kwa yule fundi, gari lipakwe grisi na kukaziwa nati. Nampelekea gari na vitu vyote, tangi likiwa limejaa. Mama yake alinitumia salamu na kuuliza ni lini nitampeleka kanisani. Namba ya kilomita bado naiandika kwenye kiganja, na grisi ikipakwa, mimi na mtoto tunakaa ndani.