Ruhusa ya Kuvuka Luapula na Nywele Zangu

Niliondoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa sababu ya Kiingereza. Nilikuwa nimemaliza madarasa yote ambayo mapadri walituwekea sisi watoto wa mtaa wa Kamalondo, na mbele yangu ilibaki milango miwili tu: seminari, au karakana ya reli alikofanya kazi baba. Upadri sikuuweza, na nyundo haikunipenda. Ndipo mjomba wangu Donatien, kaka wa mama, aliyekaa njia ya Kasenga akinunua samaki pande zote mbili za mto Luapula, alipoleta habari kwamba ng'ambo, kwa Waingereza, kulikuwa na shule ya walimu inayopokea wageni. Alivuka mwenyewe kwenda kunisemea kwa mkuu wa shule, akarudi na barua ya kunipokea, ameifunga katika kitambaa ndani ya shati. Bila yeye nisingekuwa na safari ya kusimulia. Nalisema hilo mapema ili msomaji amjue mtu niliyemkosea.

Barua peke yake haikutosha. Zama zile mtu mweusi hakutoka hata mji mmoja kwenda mwingine bila karatasi ya Wabelgiji, sembuse kwenda kusoma nchi ya wengine. Nilizunguka miezi mitano. Walitaka buku, ndivyo tulivyokiita kitabu cha utambulisho. Wakataka cheti cha ubatizo, na barua ya padri kwamba sinywi wala sipigani. Baba aliomba ruhusa kazini akaja kukubali mbele ya afisa kwamba mwanawe aende. Daktari alinibonyeza shingo kutafuta tezi za ugonjwa wa malale, akapiga muhuri. Kila nilipodhani nimemaliza, kulikuwa na dirisha jingine na benchi jingine.

Mwisho walitaka picha mbili. Niliazima tai ya jirani, nikaenda kwa kinyozi, akanipaka mafuta na kunichana njia upande wa kushoto, imenyooka kama reli. Siku hizo kijana aliyesoma alijulikana kwa njia hiyo ya nywele kabla hajafungua kinywa. Nilijiangalia pichani nikajipenda kweli, na huenda shida ilianzia hapo.

Jumatatu asubuhi, kwenye ofisi ya utawala, karani mzee mwenye miwani alinikabidhi ruhusa yenyewe. Hakuiachia mara moja.

"Angalia iyi foto," alisema. "Njo weye iyi. Kule ku mupaka bataangalia foto, kiisha bataangalia kichwa. Kama habifanane, unarudia huku. Unasikia?"

"Nasikia, papa."

"Na ukirudia, iyi karatasi inakufa. Utaanza tena mpya, tangu ku ubatizo. Uvuke mbele ya siku ya posho kuisha."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Nilikuwa na siku sita. Naungama kwamba nilimwogopa yule mzee kuliko nilivyomwogopa Mungu, na maneno yake niliyabeba kichwani njia nzima.

Jumatano alfajiri nilipanda lori la Mgiriki mmoja mfanyabiashara, lililokuwa likirudi Kasenga na masanduku matupu yanayonuka samaki. Mama alinifungia bukari, ndio ugali wetu, na maharagwe, kisha akatoa shati jeupe la mjomba.

"Iyi ni ya yomba yako," alisema. "Umuambie ni mi mwenyewe nilishona. Ulale kwake, asubui njo uvuke."

Mpango wetu ulikuwa huo. Mjomba alikaa saa moja ya lori kabla ya kufika Kasenga, na yeye ndiye angenisindikiza hadi mtoni.

Barabara ilikuwa vumbi jekundu na misitu isiyokwisha. Kila tulipopita kijiji, mbuzi walikimbia na watoto wakatukimbilia. Nilifunga kichwa kwa leso ili vumbi lisiharibu njia yangu ya nywele, na dereva, Papa Kabwe, mtu wa mzaha, hakuniacha salama.

"Weye na ile kichwa," alisema, "unaenda kusoma ao unaenda kuoa?"

"Kusoma, papa. Kichwa iko ndani ya karatasi."

"Basi uichunge kama mayai!" Alicheka hadi usukani ukayumba. Nami nilicheka. Nilikuwa na furaha tele, na ni mara ya mwisho nakumbuka kucheka kwa ajili ya nywele zangu.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, tulifika kwa mjomba. Papa Kabwe alipunguza mwendo, kisha akazima gari kabla ya kufika uani. Watu wengi walikuwa wamekaa chini, wanawake wameshika vichwa.

"Kuko kilio," alisema kwa sauti ndogo, akavua kofia.

Homa ya siku mbili tu. Mjomba Donatien alikuwa amekufa asubuhi ile ile, wakati mimi nafunga leso kichwani. Mkewe, Mama Kalista, aliponiona alinyanyuka akanikumbatia akilia, "Alikuwa anakungojea! Jana yote anauliza lori!" Nilianguka pale nikalia kama mtoto. Nilikuwa nimekuja na barua yake mfukoni, na shati lake mkononi.

Alhamisi tulimzika, amevaa shati alilolishona dada yake. Lilimtosha vizuri sana.

Baada ya mazishi ilikuja kazi ya wembe. Kwetu, ndugu wa marehemu hunyoa nywele zote siku ya maziko, na katika ukoo wa mama yangu anayeanza ni mpwa mkubwa, mtoto wa dada. Kabla yake hakuna anayegusa wembe, hata watoto aliowazaa marehemu. Mpwa mkubwa nilikuwa mimi. Mama Kalista alileta bakuli la maji na wembe, akaketi juu ya mkeka, akapapasa mahali mbele yake.

"Kuya, mutoto yangu. Anza, bengine bafuate."

Sikusogea. Nilisikia sauti ya karani sikioni. Niliona miezi mitano, madirisha, baba akiwa amesimama mbele ya afisa na kofia mkononi.

"Mama," nilisema, "siwezi. Foto ya mu pasi iko na nywele. Batanirudisha."

"Nywele itaota."

"Itaota, mama, lakini siku ya posho iko kesho kutwa."

Binti na wana wa mjomba walikuwa wamekwisha kuloweshwa vichwa, maji yanawatiririka shingoni, wananitazama. Mzee mmoja wa upande wa marehemu aliguna akasema, "Mwenye kuchunga nywele mu kilio, anajua mwenyewe juu ya nini." Mnaelewa maana yake: anayebaki na nywele, watu hujiuliza kama kifo kile hakikumfurahisha.

Mama Kalista alimkemea. Kisha akanitazama tena, akingoja, na wembe ulikuwa wazi mkononi mwake. Kati yetu kulikuwa na hatua tatu tu. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Nilisema, "Unisamehe, mama," nikabaki palepale. Basi akamwita binti yake mkubwa, akaanza na huyo.

Ijumaa asubuhi niliondoka. Desturi ni kumsindikiza mgeni hadi barabarani. Hakuna aliyenisindikiza, na sikuwalaumu. Wote walikuwa na vichwa vitupu vinavyong'aa juani, mimi peke yangu na njia yangu upande wa kushoto. Nilipokuwa nasubiri lori Mama Kalista alikuja, peke yake, akanitia mkononi kifurushi cha makobo, samaki wa mtoni, waliokaushwa.

"Yomba yako alikuwekeaka," alisema. "Ya kula ku shule." Akageuka akaenda zake.

Kasenga, saa nne. Mji ulinuka mto na samaki. Mitumbwi na maboti ya wafanyabiashara yalikuwa yamejaa ukingoni, na mbele ya kibanda cha ukaguzi kulikuwa na foleni ya watu kama kumi. Mbele yangu alisimama mwanamume wa makamo mwenye baiskeli. Alipovua kofia kumheshimu karani wa pale nilishtuka: kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya, wembe umemkata karibu na sikio. Karani, mtu wetu mweusi kama sisi, alichukua karatasi yake, akatazama picha yenye nywele nyingi, akatazama kichwa.

"Kilio?" aliuliza.

"Ndiyo. Mama."

"Pole, ndugu. Pita."

Akapiga muhuri.

Nilipofika mbele, karani alinibonyeza shingo, akasoma jina, akapiga muhuri bila hata kuinua macho. Ile picha hakuitazama kabisa. Nilitamani aitazame, nilitamani hata anirudishe. Alisema tu, "Mungine!"

Nilivuka kwa mtumbwi pamoja na kuku na magunia ya chumvi. Niliushika mfuko wa karatasi zangu juu ya maji, na nililia mpaka mpiga kasia akadhani naogopa mto.

Shuleni walinipokea vizuri. Walimu walikuwa watu wa kweli, na Kiingereza nilichokitamani nilikipata. Lakini siku ya pili asubuhi wanafunzi wapya wote tulipangwa chini ya ukuta, akaja kinyozi na mkasi na wembe. Sheria ya shule: kila mgeni hunyolewa, kwa ajili ya chawa. Zamu yangu ilipofika niliinamisha kichwa. Nywele zilianguka mapajani, zile zile nilizomnyima mjomba siku mbili tu nyuma. Niliokota konzi moja, nikazifunga katika karatasi, nikaziweka chini kabisa ya sanduku. Wenzangu walicheka, nikawaacha wacheke.

Miaka miwili baadaye nilirudi na cheti cha ualimu na ruhusa nyingine, ya kuingia safari hii, yenye mihuri mingi zaidi. Niliteremka kwa Mama Kalista kabla ya kwenda kwa wazazi. Alikuwa amezeeka. Alinipikia bukari na samaki, akaniuliza habari za shule, hakutaja lililopita. Tulipokwisha kula nilitoa kile kifurushi cha karatasi.

"Mama, hizi nywele ni zangu. Nilitaka kuzizika pa kaburi ya yomba."

Alizifungua, akazigusa kwa kidole.

"Nani alikunyoa?"

"Kinyozi wa shule."

"Juu ya nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilisema kweli: "Juu ya chawa."

Alicheka kidogo, kicheko chenye machozi ndani. "Yomba yako hakuwa na chawa, mutoto yangu." Akaifunga karatasi upya, akanirudishia mkononi.

"Basi uninyoe sasa," nilimwomba. "Mi niko hapa. Leta wembe."

Alitikisa kichwa. "Kilio ilishaisha. Kunyoa sasa njo kuita ingine. Ile siku ilikuwa siku yake."

Aliniombea baraka, akanisindikiza hadi barabarani, akasimama nami hadi lori lilipofika.

Tangu hapo nimefundisha watoto wengi, na wengine nimewasaidia kutafuta ruhusa za kwenda kusoma mbali. Nawaambia wakusanye kila karatasi inayotakiwa, wapige picha vizuri, wafike kabla ya siku kwisha. Halafu nawaambia kwamba mwenye kukagua mpaka naye alizaliwa na watu, anajua kilio ni nini. Wasimhukumu kabla hawajamfikia, na wasimnyime aliye wao kwa kumwogopa asiye wao. Wananisikiliza kwa adabu, lakini macho yao yako kwenye karatasi, kama yalivyokuwa yangu.

Ruhusa ile ninayo bado. Kijana wa pichani ana tai ya kuazima na njia imenyooka upande wa kushoto, anatabasamu. Mimi nina upara siku nyingi. Kama Mama Kalista angekuwa hai, akaja leo na bakuli lake la maji, nisingekuwa na hata unywele mmoja wa kumpa.