Kahawa Shavuni, Mtungi Mgongoni

Mimi ni mtoto wa Kamachumu, wa migombani. Ziwa nililizoea kwa mbali tu. Lakini kwa mchumba wangu nilishajigamba kwamba napiga mbizi. Basi nilipokwenda kujitambulisha kwao, kando ya ziwa hapa Muleba, nikamkuta kaka yake anayefundisha watalii kuzamia kule Zanzibar. Alikuwa likizo, na vifaa vyake vyote.

"Shemeji, twende ziwani!" akasema.

Hapohapo baba mkwe akanipa kahawa ya kutafuna, punje kavu na maganda yake, kama kwetu tunavyomkaribisha mgeni. Niiteme mbele ya mkwe? Afadhali nife. Nikaificha shavuni, nikavishwa mtungi wa hewa ufukweni, nikauma mpira wa kupumulia. Shemeji akanishika mkono, nikafumba macho, tukazama.

Pumzi ya kwanza tu, punje ikakimbilia kooni. Nikapaliwa, nikauchomoa mpira mdomoni, nikamparamia shemeji huku napiga mayowe: "Nakufa! Mwambieni mama!"

Mkono ukanishika bega. Nikafumbua macho. Baba mkwe alikuwa amesimama majini kando yangu, suruali ameikunja hadi magotini, wala haijalowa.

"Mwanangu," akasema, akitema maganda yake ya kahawa, "hata sisi huwa tunatema."