Siku ya Kushika Waya

Shule yetu ya kutwa, huku upande wa Moiben, ilikuwa na maabara ya jina tu: meza ndefu na sinki zisizo na maji, basi. Praktikali za fizikia tulifanyia kwa laptopu ya mwalimu. Aliwasha projekta, tukaenda mmoja mmoja kuvuta picha ya waya kwa mausi, kuunganisha betri na ammita ya kupima umeme, na namba ikatokea hapo hapo, imetulia. Mimi ndiye nilikuwa moto. Wenzangu waliniita injinia, na kichwa kilivimba kweli, kwa sababu uinjinia ndio nilitaka, na bila gredi nzuri ya fizikia ningeusahau.

Vifaa vya mtihani wa kidato cha nne viliazimwa shule nyingine, vikaletwa kwa katoni. Tuliviona mara ya kwanza tukiwa ndani ya mtihani.

Wueh! Nikaunganisha vile nilijua. Swali lilitaka niguse waya uliolazwa juu ya rula kwa ncha ya waya mwingine, halafu nisome ammita. Nikagusa. Mshale wa ammita ukaruka, ukaanza kutetemeka. Nikangoja utulie, dakika zikayoyoma. Wapi! Niandike gani sasa, na hautaki kukaa mahali pamoja?

Nikainua mkono. "Mwalimu, hii ammita imeharibika."

Msimamizi aliangalia ammita, akaniangalia mimi. "Endelea na kazi yako," akasema, akaenda zake.

Haki nilitaka kulia. Kando yangu kalamu zilikuwa zinaandika, na jedwali langu la kujazia majibu lilikuwa jeupe pe. Jasho lilinitoka na asubuhi ilikuwa ya baridi ile ya kwetu. Nikaachilia waya nipanguse uso. Mshale ukalala kwa sifuri, kimya kabisa. Nikagusa tena, ukaanza tena. Hapo ndipo niliangalia vidole vyangu.

Ammita ilikuwa nzima. Mimi ndiye nilikuwa natetemeka.

Nikashika kiwiko kwa mkono wa kushoto, nikakandamiza waya kwa nguvu. Mshale ukatulia. Nikasoma, nikaachilia, nikaandika. Nikasogea mbele kwa rula, nikarudia, na mara hii hata sikuogopa sana, karibu nicheke.

"Kalamu chini," msimamizi akasema. "Kila mtu."

Jedwali lilikuwa na mistari sita. Nilikuwa nimejaza miwili.